Zuhura Anakwenda Kuvua Jangwani

We Zuhura, mjukuu wangu, mke mwenzangu, huna haya. Majani ya miti yalikuwa yanapukutika ulipokanyaga kizingiti changu mara ya mwisho, na sasa theluji imeshakuja na imeshaondoka. Ramadhani imeingia, imetoka. Idi nimepika, nimekutilia sahani yako, nimeifunika, nimeifunua, mwisho nimeila mwenyewe kwa hasira. Kutoka kwako Landover kuja hapa kwangu Adelphi mtu anafika chai haijapoa, lakini wewe umeifanya safari ya Hija. Salamu unanitumia kwa baba yako kama kwamba miye ni ofisi. "Zuhura anasema hajambo." Hajambo nini? Mtu asiye na jambo anaonekana.

Haya, nimeshagomba. Ningeanza na salamu za adabu ungedhani kaandika mtu mwengine.

Anayeshika kalamu ni Mama Furaha, Mkongo wetu wa mlango wa mbele, yule anayehudumia wazee. Miye skuli sikwenda, unajua, na hizo herufi za kizungu naziona kama chungu wanaopita. Nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asinipambe na asininyooshe. Sasa hivi ananiambia, "Bibi, pole pole, mukono yangu haina moteri!" Basi we soma kwa sauti. Kiswahili chako cha macho kinachechemea, lakini cha masikio kizima. Ukijisikia unasoma, utanisikia miye.

Baba yako kanambia kesho utapita. "Dakika tano tu, Mama, gari limejaa, anataka kuwahi njia." Na miye najua itakavyokuwa. Utasimama mlangoni na ufunguo mkononi, gari linanguruma chini, nami badala ya kusema la maana nitakuuliza umekula. Ndiyo tabia yangu. Neno likinikwama kooni nalifunika kwa chakula. Kwa hiyo neno lenyewe nimelitia humu, na barua nimeitia ndani ya kikapu, chini ya sambusa, uipate ukiwa umeshafika mbali. Unaondoka na donge, Zuhura, na aliyelitia donge hilo ni miye. Sitaki uvuke nchi nzima nalo.

Sitakwambia uvae sweta. Sweta limo kikapuni. Sitakwambia usali wala ule wala usipande gari na watu usiowajua. Hayo kama hujayajua mpaka leo, karatasi haitakufundisha.

Kwanza nikwambie hivi: nimefurahi! Wallahi nimefurahi mpaka Mama Furaha ananitazama vibaya. Habari yako ililetwa na baba yako Jumapili, toka kwake Manassas, kaingia hata viatu hajavua, uso kama kaleta msiba.

"Mama, mjukuu wako kaacha kazi. Ame-quit! Kazi ya bohari yenye bima, yenye likizo, kaacha."

"Kaacha aende wapi?"

"Arizona. Jangwani. Kuvua samaki." Akakaa kwenye kochi, akashika kichwa. "Jangwani, Mama! Mtu anakwenda kuvua samaki jangwani!"

Nikamwambia, "Kwani hao samaki wamekwenda huko kwa miguu? Kama yupo aliyewapeleka, atakuwepo wa kuwavua."

Akasema, "Usianze, Mama."

Lakini nilikuwa nimeshaanza. Nilimuuliza mpaka akachoka. Ziwa liko wapi? Juu ya milima, anasema. Samaki gani? Paiki. Ndiyo nini? Ndugu yake yule maski, samaki wako wa mtoni, anasema, mdogo wake. Jina hilo likanichoma, unajua kwa nini. Nikamuuliza nani kampa kazi. Akanieleza kuhusu huyo bibi wa Kizungu, Darlene, mwenye duka la chambo na mashua za kukodi, na kwamba anataka mtu wa kuwaongoza wageni kutafuta paiki kuanzia barafu ikiyeyuka mpaka majira ya baridi. Na kwamba kakuchagua wewe kwa picha za samaki ulizompelekea. Wewe! Mtoto wangu niliyekuwa nakufunga kanga kiunoni ili usianguke bafuni!

Siku ya pili nikamtuma Mama Furaha maktaba. Kaniletea kitabu cha picha za huko. Zuhura, mbona hukunambia? Nilidhani jangwa ni mchanga mtupu na ngamia. Nimeona ardhi nyekundu kama matofali yaliyochomwa, na miti ya miba iliyosimama imeinua mikono kama inaswali. Ukifunua ukurasa, mlima. Ukifunua mwengine, msonobari, theluji, na katikati maji ya buluu yametulia, kama mtu kaficha kioo asionekane. Nikasema, loo! Mungu kaweka maji pale ambapo hakuna atakayeyadhania, na mjukuu wangu kayadhania.

Na picha ya paiki mwenyewe nimeiona. Mrefu, kapakwa madoa ya kimanjano kama kanga, mdomo wa bata, meno ya msumeno. Anakaa ndani ya majani, hatikisiki, anangoja. Nikampiga Mama Furaha bega. "Huyu namjua!"

"Utamujua wapi, Bibi? Kwenu kuko bahari."

"Huyu ni pweza aliyevaa magamba."

Sasa nije kwenye lile. Nimezunguka vya kutosha.

Ile siku ya mtoni ulikuja kunichukua asubuhi, ukanifunga mablanketi kama maiti, ukanitia garini. Njiani ulinieleza, nusu Kiingereza nusu mikono, kwamba huyu maski watu hurusha mara elfu kumi kabla ya kumpata mmoja. Nilicheka kimoyomoyo. Nilisema, hawa Wazungu kwa kujitafutia kazi! Tukafika Mto Shenandoah, tukaacha gari, ukanishika mkono mpaka kwenye kona ile yenye mti ulioangukia majini. Ukaniwekea kiti. Ukanimiminia chai ya tangawizi. Kisha ukaanza kurusha ule mdudu wako wa mbao, mkubwa kama kiatu, ukarusha na kurusha, na baridi inakata masikio, na samaki hakuna.

Nami nilikuwa nikikutazama. Baba yako hasemi, lakini miye nasema: sijaona mtu anayefanya kazi bure na uso wake unang'aa. Ulikuwa huninunii, hulalamiki, huangalii saa. Mara nikakiona kivuli. Kilikuja nyuma ya mdudu wako, kirefu, cheusi, kimya, kama gogo lililopata akili.

"Zuhura! Anakufuata!"

Ulishuka magoti, ukaichovya ncha ya fimbo yako majini, ukachora duara na duara, kama mtu anayekoroga uji usishike chini. Kivuli kikazunguka nacho. Kikafungua mdomo. Na maji yakapasuka!

Miye nilisimama, Zuhura. Miye mwenye magoti haya. Nilipiga vigelegele mpaka ndege wakaruka ng'ambo. Mara ya mwisho kupiga vigelegele vile ilikuwa harusi ya baba yako, na siku ile nilikuwa nalazimisha.

Ukamtia wavuni, ukamwacha ndani ya maji, ukamtoa ndoana kwa koleo lako refu. Unalia na unacheka. Ukanipa mpini wa wavu niushike wakati unakwenda kuchukua kamera garini. Na ukanambia, na hapa ndipo sina pa kujificha, ukanambia kwa Kiswahili, wewe ambaye Kiswahili unakitoa kama mtu anayeng'olewa jino: "Bibi, usimguse. Anarudi kwao."

Nilisikia. Watu wote niliowapa kisa hiki nimewaambia sikusikia vizuri. Baba yako nimemwambia hivyo, Mama Furaha nimemwambia hivyo, sasa hivi kalamu imemsimama ananitumbulia macho. Nilisikia kila neno. Niliona ni utoto. Nilisema, samaki mzima, mkubwa kama mtoto wa skuli, aliyemtesa mjukuu wangu baridini siku nzima, arudi kwao? Akaseme nini huko kwao? Kwetu samaki unayemchelewesha anakwenda zake. Na chini ya mablanketi yale nilikuwa nimeshaficha kisu na ndimu tangu nyumbani. Nikachukua bakora yangu, nikasema Bismillahi, nikampiga kichwani.

Uliporudi na kamera nilikuwa nakusubiri na tabasamu. Nikidhani nimekusaidia.

Hukunigombeza. Ungenigombeza ningejua la kufanya. Ulikaa juu ya jiwe, ukamtazama, ukaweka kamera mfukoni. Ukanirudisha nyumbani kimya, ukanipandishia yule samaki ngazi zote kwa mikono yako, ukamweka juu ya meza ya jiko, ukanibusu mkono kama kawaida, ukaondoka. Hujarudi.

Nilimpika kwa nazi. Nililisha ukumbi mzima wa jengo hili, watu wa juu na wa chini, mpaka wale wa Salvador wakaja na sahani. Wote wakasifu. Nami sikula, maana nilipompasua nilikuta tumboni mwake mayai yameanza, yamejipanga pande mbili. Nikakaa na kisu mkononi. Nikajiambia, ala, Fatma, hili umeshalifanya kabla.

Sijapata kukupa kisa hiki. Kwetu Jambiani pweza ni wa wanawake. Siku za bamvua maji yakipwa sana, mwamba unatoka nje, na wanawake wanashuka na michokoo, yaani fito za chuma za kumchokolea pweza pangoni. Na yale mapango hayakuwa ya kila mtu. Kila mwanamke alikuwa na yake, kaoneshwa na mama yake, na mama yake kaoneshwa na wake. Pango zuri halikai tupu. Ukimtoa pweza leo, baada ya muda anaingia mwengine, anajipangia vijiwe mlangoni kama wa mwanzo. Kwa hiyo kumwonesha mtu pango lako ni zaidi ya kumpa samaki. Ni kumpa mlango.

Mama yangu alinionesha lake moja nilipokuwa nimeanza kuota kifua. Chini ya jiwe lililoinama kama mgongo wa ng'ombe. Akanambia, "Hapa ingiza mkono wa polepole. Asipotaka kutoka, muache, kesho yupo."

Nami siku moja nikenda peke yangu, nikamkuta, mkubwa, hataki kutoka. Maji yameanza kujaa. Nikaona nitachekwa nikirudi mikono mitupu. Nikautia mchokoo chini ya jiwe, nikalibinua kwa nguvu zangu zote, paa la pango likavunjika. Nikamchukua. Nikapita naye kijijini ananing'inia mkononi, kila mlango nasimama waone. Mama akamwona, akauliza, "Umempata wapi?" Nikasema, "Pale pako." Akampika.

Kesho yake alishuka, akaliona jiwe. Akarudi, naye hakunigombeza. Lakini bamvua ya pili hakuniamsha. Nilifungua macho nikasikia mlango unarudishwa taratibu, kama mtu anayechelea mtoto asiamke. Hakuna bakora niliyopigwa maishani iliyoniuma kama mlango ule.

Na pweza hakuingia pale tena. Mpaka naolewa, mpaka naondoka, kila nikipita naangalia. Tupu.

Basi nilipokuwa na kisu changu pale jikoni, na mayai yale mbele yangu, nikaelewa. Ile kona yenye mti ni pango lako. Umeitafuta mwenyewe, misimu na misimu, bila mama wa kukuonesha. Yule mzee mliyefanya naye kazi bohari alikufundisha kurusha, lakini kona uliitafuta wewe. Baba yako hukumwonesha. Rafiki zako hukuwaonesha. Umemchukua bibi yako, umemfunga mablanketi, umemwekea kiti mlangoni. Na miye nikalibinua jiwe.

Ningekupigia simu usiku ule ule. Nilinyanyua, nikaweka. Nikasema, atakuja. Sisi watu wazima tuna ugonjwa huu: tukikosa, tunamngoja mdogo aje atuulize hali, akija tunampa chakula, tunaita hayo suluhu. Nikangoja Alhamisi, nikangoja Ijumaa, nikangoja Idi. Kiburi kilinikalia kooni kama mwiba wa yule samaki, na wallahi ana miba yule, mtoto wa Mama Furaha nusura imkabe.

Nimekosa, Zuhura. Siandiki "kama nilikuudhi". Ulinambia usimguse, nikamgusa.

Yasikie na ya baba yako, maana na huko nilivunja kitu. Unamwona anavyofoka akisikia neno mto? Huyo Haji, alipokuwa mdogo, alikuwa haniachi nikishuka mwambani. Ana macho! Miye natazama jiwe, yeye anasema, "Mama, jicho lile." Kweli, jicho la pweza, dogo kama punje ya pilipili manga, linatutazama. Wanawake wakawa wanacheka. "Fatma, huyu mwanao umemzaa wa kike ukasahau kumtoboa masikio?" Nikaona haya. Nikamfukuza pwani kwa mawe, mawe ya kweli, mpaka akaacha kunifuata. Mapango yangu yote nilikuja nayo huku kichwani, sikumrithisha mtu, kwa kuogopa kicheko cha wanawake ambao leo hata majina yao sikumbuki vizuri.

Kwa hivyo wakikucheka, waache wacheke. Wako watakaokuja kwenye mashua ya huyo Darlene, watakuona msichana mweusi kajifunga mtandio, watauliza, kiongozi wetu yuko wapi? Usijibizane nao. Washa injini.

Na usimkasirikie baba yako. Juzi alikuja tena, na alipomaliza kufoka nilimpa chai, akanywa. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hanunui:

"Huyo paiki anajificha wapi?"

"Ndani ya majani. Hatikisiki. Anangoja."

"Kama pweza."

"Kama pweza."

Akageuza kikombe, akageuza. "Macho yake yako juu au pembeni?"

Nikamsukumia kile kitabu cha maktaba. Aliondoka hapa baada ya Isha, na alikwenda nacho Manassas, kitabu ambacho si chake wala si changu. Kwa hiyo kama ulimkuta hapa chini, anajifanya anakagua matairi ya gari lako, sasa unajua kilichomleta. Mpigie, mpe dakika zake. Mweleze ule mdudu wa mbao, atauliza.

Ushauri wangu wa uvuvi ni mmoja, nao si wa samaki, ni wa maji. Nasikia maziwa ya huko mvua ikikosa yanapungua, yanarudi nyuma, yanaacha matope na mawe wazi, na watu wanasikitika. We usisikitike. Hiyo ndiyo bamvua yako. Shuka utembee. Kila jiwe lijue, kila kisiki, kila shimo, kila pale majani yalipolala. Miye mwamba wa kwetu niliujua maji yakiwa hayapo. Yalipojaa nilikuwa naona chini kwa kichwa. Mtu aliyeliona ziwa likiwa na aibu zake nje halipotezi tena.

Na mwaka mwengine litakauka kweli, na wewe utakuwa huna kazi na huna samaki, na utakumbuka bima ya bohari. Itakuja siku hiyo, sikufichi. Siku hiyo usijifungie kama nilivyojifungia miye na simu yangu. Piga. Hata kama ni kulia tu, piga, kadi ya simu nimekutilia.

Lakini leo sitaki habari za kukauka! Leo naona mashua, naona maji yamefunguka barafu, naona mjukuu wangu kasimama mbele na kofia imemziba macho, nyuma yake wanaume wazima wanamuuliza, turushe wapi sasa? Nawe unanyoosha kidole. Mama Furaha anasema, "Bibi, wee unalia ao unacheka?" Mwandike, Mama Furaha, mwandike kwamba nafanya vyote viwili, kama yeye siku ile.

Baba yako kanambia na jengine. Eti huko paiki hawarudishwi. Eti si wenyeji, walipelekwa tu, wamewala samaki wa watu, trauti, na wakubwa wa huko wanafurahi ukimpiga na kumla. Nilicheka mpaka nikakohoa. Wa huku asiyepigwa, nimempiga. Wa huko anayepigwa, atapigwa bila miye! Basi huko kula, na mlishe Darlene kwa nazi. Chana kwanza ile miba ya pembeni. Makopo ya tui yamo chini ya sweta.

Ndani ya kikapu kuna kitu nimekifunga kwenye kipande cha kanga. Kifungue polepole, kinachoma, Mama Furaha alishatoka damu. Ni taya la yule maski. Nililisafisha kwa mswaki, nikalikausha kwenye kipasha joto, na majira yote ya baridi limekaa dirishani likinitazama. Sikuweza kulitupa, na kuliweka sina haki. Ni lako. Lining'inize pale mashuani au lizike, utakavyoona. Miye nimeshasoma lililoandikwa kwenye meno yale.

Kile kisa cha mama yangu hakikuishia mlangoni, nikimalizie. Bamvua ile aliyoniacha, niliamka, nikamfuata. Nilimfuata mbali, nyayo zangu ndani ya nyayo zake, sikuthubutu kumwita. Alikuwa anajua nipo. Hakugeuka. Tulipofika mwambani, bila kugeuka, akaurudisha mkono wake nyuma na mchokoo, akaushika hivyo hewani, mpaka nikafika nikaupokea.

Hii barua ndiyo miye nakuja nyuma yako, Zuhura. Usigeuke kama hutaki. Rudisha mkono tu.

Na safari ya kuja, majani yakianza kupukutika tena na Darlene akafunga mashua, usipitie Landover, usipitie kwa baba yako. Njoo hapa moja kwa moja, na uniletee glavu za mpira za kunienea mkono. Utanipeleka kona ile ile yenye mti, si nyengine. Tukimkosa tutarudi kesho yake, na kesho yake tena. Tukimpata, wewe shika kamera. Miye ndiye nitakayeingia majini na kumshika mkia, polepole, mpaka apate nguvu zake na aniache mwenyewe. Bakora nitakupa wewe uishike. Sufuria nitaiacha jikoni.

Bibi yako, Fatma